"He come" si kosa kila mara

Wanafunzi wengi wa sekondari hapa Mtwara huamini kwamba baada ya "he" au jina la mtu mmoja, kitenzi cha wakati uliopo lazima kiishie na "s". Kwa hiyo "The headmaster insists that Juma come early" hukatwa kwa wino mwekundu. Hapana, ni sahihi kabisa! Baada ya "insist", "suggest" au "demand", likiwa ni agizo au pendekezo, kitenzi hubaki katika umbo la msingi, hata kwa jambo lililopita: "She demanded that he leave." Waingereza mara nyingi huongeza "should".

Lakini "insist" ikisisitiza kwamba jambo ni kweli, "s" hurudi: "He insists that Juma lives in Mikindani." Mwalimu asiyetenganisha hayo mawili humnyima mtoto alama yake.