Kiwango cha kelele cha eneo hakipimwi kwenye spika

"Spika zetu hazizidi desibeli 55, na hapa kinachoruhusiwa ni 55." Kauli hii husikika karibu kila baa, gereji, ukumbi wa harusi au mashine ya kusaga inapogombana na majirani. Anayeitoa mara nyingi hana nia mbaya. Amesikia namba, ameishika, anajitetea nayo. Ila namba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya spika yake, na ndiyo maana mazungumzo hayafiki popote.

Kiwango cha kelele cha eneo ni ukomo wa sauti ambao kelele inayotoka kwingine haitakiwi kuuzidi inapofika kwenye ardhi yenye matumizi fulani, kwa wastani wa kipindi fulani cha siku. Mahali inapofikia, matumizi ya ardhi, na kipindi. Ukiondoa kimojawapo, namba iliyobaki haina kazi.

Tuchukue kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mtetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Jedwali lake la kwanza linaweka desibeli 40 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya kimya na nyumba za ibada. Makazi ni 45 mchana ukipima ndani ya nyumba na 50 ukipima nje; usiku ni 35 kote kuwili. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani ni 55, maeneo ya biashara ni 60, na usiku yote mawili hurudi 35. Mchana hapo huanza saa 12 na dakika moja asubuhi hadi saa 2 usiku. Tanzania katika kanuni zake za 2015, na Uganda katika zake za 2003, hutumia ngazi tofauti kidogo: hospitali na mfano wake 45 mchana kwa 35 usiku, makazi 50 kwa 35, makazi yenye biashara na burudani 55 kwa 45, makazi yenye viwanda vidogo na biashara 60 kwa 50, viwanda 70 kwa 60. Huko usiku huanza saa 4.

Kwa hiyo anayesema mjini Nairobi kwamba "sheria inaanza saa nne" anatumia saa ya nchi jirani. Amechelewa kwa saa mbili nzima, na saa mbili hizo ndizo ambazo watoto wanalala.

Sasa kwenye kiini cha jambo. Kichwa cha jedwali la Kenya, kwa Kiingereza, hakisemi "kelele inayotolewa". Neno lililotumika linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusukumiza kitu ndani, na Kiswahili kina kitenzi kinachokaa hapo vizuri kabisa: kuingilia. Kinachowekewa ukomo ni kelele inayomwingilia mtu alipo. Ndiyo maana jedwali lina mstari wa ndani ya nyumba na mstari wa nje. Spika haina ndani wala nje; mwenye ndani na nje ni msikilizaji. Mpimaji anayesimama mita moja mbele ya spika, akasoma 95, kisha akatangaza kwamba mwenye baa amevunja sheria kwa desibeli 40, amekosea sawasawa na mwenye baa anayedai spika yake ni ya 55. Namba zote mbili zimechukuliwa mahali ambapo jedwali haliulizi.

Kati ya spika na dirisha la jirani kuna umbali, na umbali una hesabu yake. Chanzo kidogo kikiwa mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hushuka desibeli 6. Spika yenye 95 kwa mita moja huwa 89 kwa mita mbili, 83 kwa nne, 77 kwa nane, 71 kwa kumi na sita, 65 kwa thelathini na mbili. Ili ishuke hadi 35 pasipo ukuta wala jengo la kuikinga, inahitaji mita 1,000. Barabara yenye magari mfululizo ni mbaya zaidi kwa sababu chanzo chake ni mstari mrefu: kila umbali ukiwa maradufu hushuka 3 tu. Ndiyo sababu kuhamisha jenereta kutoka uzio wa mbele hadi wa nyuma huleta nafuu, lakini kurudisha nyumba hatua chache kutoka barabara kuu hakuleti nafuu ya maana.

Kosa la pili linakaa ndani ya neno desibeli lenyewe, na linastahili nafasi. Watu hulitumia kama kilo au lita, kana kwamba sauti ni unga unaopimwa kwa kopo. Neno lilizaliwa Marekani katika miaka ya 1920 kwa wahandisi wa simu. Kabla yake walikuwa wakieleza upotevu wa sauti ndani ya nyaya kwa "maili ya waya wa kawaida": simu hii imepoteza sauti sawa na maili tano za waya. Kipimo hicho kiliwasumbua kwa kuwa waya huo huo hupoteza sauti nyembamba kuliko nene. Wakabuni kizio kisichotegemea waya, kinacholinganisha tu nguvu iliyoingia na iliyotoka, kisha wakakipa jina la Alexander Graham Bell, aliyefariki 1922, wakiacha "l" moja. Beli moja ni mara 10. Kwa kuwa beli ni kubwa mno kwa kazi ya kila siku, wakaigawa kumi, na "desi" ni sehemu ya kumi kwa asili yake ya Kilatini.

Desibeli basi huhesabu mara ngapi, wala si kiasi gani. Nyongeza ya desibeli 10 ni nguvu mara 10, ya 20 ni mara 100. Tofauti ya 35 na 55, ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo, ni nguvu mara 100. Spika mbili zinazofanana, kila moja ikifika kwa jirani ikiwa 60, pamoja hazileti 120, zinaleta 63. Vivyo hivyo, ukizima moja kati ya mbili umepunguza 3, na jirani huenda asione tofauti kubwa, kwa sababu sikio la mtu huhitaji takriban desibeli 10 ili lihisi sauti imepungua nusu. Mwenye ukumbi aliyezima nusu ya spika zake na bado analalamikiwa hajaonewa.

Hapa ndipo wastani unapowapoteza wengi, hata maafisa. Jedwali la Kenya linataka wastani wa saa 14 za mchana, na wastani huo ni wa nguvu, si wa namba. Chukua nyumba ambapo muziki hufika na 80 kwa saa moja, kisha saa 13 zilizobaki ni 45 tulivu. Ukijumlisha namba na kugawa kwa 14 utapata 47.5, na utasema mambo ni shwari kwa makazi ya 50. Ukigeuza kila desibeli kuwa nguvu kwanza, ukatafuta wastani, kisha ukarudi kwenye desibeli, unapata karibu 68.6. Saa moja imeizamisha siku nzima. Utetezi wa "tulipiga saa moja tu" unaanguka hapo. Na mtu aliyeona mita ya sauti imeruka hadi 72 kwa sekunde chache lori lilipopita, akasema kiwango kimevunjwa, naye anasahau kwamba mruko wa sekunde si wastani wa kipindi.

Inafaa kukumbuka kwamba neno kiwango linatokana na kitenzi cha zamani -wanga, yaani kuhesabu. Kiwango ni kilichohesabiwa, na mruko wa sindano bado haujahesabiwa.

Kuna herufi moja pia ambayo hudondoshwa kila mara. Namba za majedwali haya ni za desibeli A, yaani kipimo kilichochujwa kifanane na sikio la mtu, ambalo halisikii vizuri sauti nene za chini. Kwa hetsi 63, yaani mitetemo 63 kwa sekunde, eneo la besi, kichujio hicho huondoa desibeli 26. Kwa hetsi 125 huondoa 16. Besi ya 70 kwenye hetsi 63 itasomeka 44, na mchana katika makazi itapita mtihani huku vioo vya dirisha vikitikisika. Mlalamikaji anayesema "nasikia dundo kifuani lakini mita inasema sawa" haongopi. Jedwali la Kenya lina safu ya pili inayotazama sauti kwa mikanda yake, kutoka nene hadi nyembamba, na kwa malalamiko ya besi safu hiyo ndiyo inayopaswa kusomwa. Ina namba ndogo zaidi: makazi nje ni 40 mchana na 25 usiku. Watu huziona wakadhani ni desibeli zilezile zilizokosewa na mpiga chapa.

Simu ya mkononi haitoshi kwa ushahidi. Maikrofoni yake imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, hukata sauti nene, na programu yake haijasahihishwa dhidi ya chombo chochote. Mita ya kazi husahihishwa kabla na baada ya kupima kwa kifaa kinachotoa sauti inayojulikana, kwa kawaida desibeli 94 kwenye hetsi 1,000; maikrofoni hufunikwa sponji ya upepo, hukaa kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini, na huwekwa mbali na ukuta, kwa sababu ukuta hurudisha sauti na kuongeza namba. Kisha hupimwa mara mbili: chanzo kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa. Ikiwa kimewashwa ni 58 na kimezimwa ni 55, mchango wa chanzo peke yake ni 55, si 58. Tofauti ikifika 10 au zaidi huna haja ya kurekebisha. Ikiwa chini ya 3, subiri saa nyingine. Huwezi kujua kelele ni ya nani.

Limebaki suala la "eneo" lenyewe. Mtaa hauwi wa biashara kwa kuwa baa tatu zimefunguliwa humo. Matumizi hutoka kwenye mpango wa ardhi ulioidhinishwa na kwenye masharti ya kiwanja husika, na mwenye kutaka mengine huomba kibali cha kubadilisha matumizi. Tanzania jambo hilo liko chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kenya liko chini ya sheria ya mipango ya 2019, na udhibiti wa kelele wenyewe Katiba ya 2010 imeuweka mikononi mwa kaunti. Kinachoangaliwa zaidi ni ardhi ya anayeingiliwa. Gereji iliyo upande wa biashara ikipakana na nyumba za makazi haiwezi kuitumia 60 yake kama ngao pale sauti inapovuka barabara. Na ujenzi una jedwali lake: Kenya huuruhusu 60 mchana karibu na makazi, shule na hospitali, ila mchana wake huishia saa 12 jioni.

Basi mwenye baa anaposema "sisi ni 55", asikatwe kauli. Aulizwe: ni 55 kwenye dirisha la nani, kati ya saa ngapi na saa ngapi, na kiwanja hicho kwenye mchoro kimeandikwa matumizi gani? Akiweza kusema "kelele yetu inafika kwenye mpaka wa nyumba ya nyuma ikiwa na wastani wa desibeli A 48 mchana", hapo ametumia neno sawasawa, na hata jirani yake atakuwa na kitu cha kukipima.