Je, wajua nani alichimba makorongo ya Weruweru na Kikafu?

Ukipanda gari Moshi kwenda Arusha hujakaa hata vizuri kwenye siti unaanza kushuka, daraja la Karanga hilo, unapanda, mara unashuka tena Weruweru, unapanda, halafu Kikafu ambapo dereva mwenye akili anaanza kukanyaga breki mapema kabisa. Juzi nilikuwa kwenye kosta, baba mmoja pembeni yangu akawa anamweleza mwenzake kwamba yale makorongo ni nyufa, eti Mlima Kilimanjaro ulipolipuka zamani ardhi ikapasuka. Nilishuka Boma Ng'ombe kabla sijamjibu na jambo lenyewe likanikaa moyoni, kwa hiyo naliandika hapa.

Sio nyufa wadau, ni maji yamechimba. Angalia yanavyoelekea, yote yanatoka mlimani kuja bondeni kama vijiti vya mwavuli, kila moja na mto wake chini, na ufa wa tetemeko haufuati mteremko kwa utii namna hiyo. Halafu shuka mtoni uangalie mawe. Yako mviringo, laini, mengine kama mayai makubwa. Jiwe lililopasuka lina kona, hili la mtoni limesagwa na wenzake njia nzima.

Na hapo ndipo siri ilipo, maji matupu hayachimbi sana mwamba mgumu, kazi wanafanya mawe na mchanga yanayobebwa na hayo maji, yanagonga na kusugua kama msasa mchana na usiku. Kiangazi mto unapita taratibu hata mtoto anavuka, hauchimbi kitu cha maana. Ngoja masika sasa. Mto ukiongeza mwendo mara mbili tu, kwa hesabu za wanaosoma mito uzito wa jiwe unaloweza kulisukuma unapanda kama mara 64, ndio maana asubuhi baada ya mvua kubwa unakuta jiwe ambalo watu kumi hawalinyanyui limehama, na usiku ukiwa umelala karibu na mto unasikia kabisa yanagongana huko chini. Siku chache za mafuriko zinaweza kufanya kazi kuliko miezi mingi ya kiangazi.

Wengi tunadhani mito yetu inatoka kwenye theluji ya Kibo, kile kilele kirefu cha Kilimanjaro, kumbe theluji inachangia kidogo sana, maji mengi ni mvua inayonyesha kwenye ule msitu wa upande wa kusini, zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, yanazama ardhini na kutoka kama chemchemi. Msitu ndio tanki letu.

Sasa maporomoko. Kwa nini Materuni au Kinukamori kule Marangu maji yanaanguka ghafla badala ya kuteremka tu kama kwingine? Mlima wa volkano umejengwa kwa matabaka, kama chapati zimepangwa kwenye sahani, lava ikashuka ikaganda ikawa mwamba mgumu, kabla yake au baada yake likaja jivu na tope ambavyo ni laini, halafu lava tena. Mto ukishuka juu ya tabaka gumu haulimalizi haraka, lakini ukifika ukingoni ukadondokea kwenye laini unalila hilo la chini upesi, linatokea shimo, ndio lile dimbwi watu wanaogelea, na mawe yanazungushwa humo ndani yanazidi kulichimba. Maji yanayoruka yanapiga pia ukuta wa nyuma, unabomoka kidogo kidogo mpaka mwamba wa juu unabaki umening'inia kama paa lisilo na nguzo. Siku moja linakatika. Ndio maana nakusihi usikae kupiga picha chini ya ule mwamba, hasa kipindi cha mvua.

Likikatika, maporomoko yanakuwa yamerudi nyuma hatua kadhaa kuelekea mlimani! Mimi hii ndio inanishangaza kuliko yote, yaani maporomoko yanatembea kinyumenyume na korongo unaloliona chini yake ndio njia yaliyopita. Niagara kule mpakani mwa Marekani na Kanada imerudi nyuma kama kilomita 11 ndani ya miaka kama 12,000. Na Mosi-oa-Tunya (Maporomoko ya Victoria) pale Zambia na Zimbabwe, yale makorongo ya zigizaga chini ya maporomoko ni sehemu ambazo maji yalikuwa yakiangukia enzi hizo.

Ukitaka kuona kazi ya muda mrefu simama Moshi mjini asubuhi kabla mawingu hayajafunga, mtazame Mawenzi, kilele cha pili, halafu Kibo. Kibo bado ina umbo la mviringo, Mawenzi imechongoka kama meno. Mawenzi ilizimika zamani zaidi, lava mpya haikuja tena kuziba mashimo, mvua na barafu vikaondoa vile vilivyo laini ikabaki mifupa migumu.

Hayo yaliyoondolewa yameenda wapi? Yako kule tambarare chini ya Moshi, yako Kahe, yako kwenye mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC. Mto ukifika tambarare unapunguza mwendo na kushusha mizigo, kwanza mawe makubwa, kisha kokoto, kisha mchanga, na tope laini kabisa mwishoni. Kwa hiyo mpunga wa Kahe na miwa ya TPC vimeota kwenye udongo ambao sehemu yake kubwa imeshuka kutoka huku juu kwetu. Weruweru na Kikafu zinaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia Nyumba ya Mungu, na tope jingi linaishia humo bwawani, maji ndio yanaendelea na Mto Pangani hadi baharini.

Na kazi haijaisha aisee. Kwenye kona maji yanakimbia zaidi upande wa nje, huko ndiko ukingo unaliwa, upande wa ndani mchanga unarundikana. Kihamba cha bibi yetu Kibosho, yaani shamba la migomba la nyumbani, kiko upande wa nje. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingoni shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira, lakini zamani watu walilima migomba mpaka mwisho kabisa, mizizi ya miti iliyokuwa inashika udongo ikaondoka. Nilipokuwa mdogo kutoka kwenye masale, ile mimea Wachaga wanayopanda kuonyesha mpaka, hadi mtoni tulikuwa na nafasi ya kucheza mpira. Masika iliyopita nilienda kumsalimia, nikakuta masale mawili ya mwisho yameinama juu ya maji, mizizi iko nje inaning'inia, na bibi ameshapanda mengine hatua tano nyuma.