Alama za kidole za mafuta ghafi ni nini?

Fundi mmoja wa Kirinyaga Road, Nairobi, ana kipimo chake cha dizeli. Huchovya kidole, akasugua na dole gumba, akanusa, kisha akatoa hukumu: "Hii imetiwa mafuta ya taa, mzee." Mara nyingi hakosei. Ila muulize mafuta hayo yalichimbwa wapi, atakucheka. Hapo pua imefika mwisho, inabaki kemia.

Mafuta ghafi ni mabaki ya viumbe, hasa mwani na bakteria, waliofunikwa na matope chini ya bahari au maziwa mamilioni ya miaka iliyopita, wakapikwa na joto la ardhini. Molekuli chache zilitoka kwenye moto huo zikiwa bado na umbo la kiumbe aliyekuwa nazo, kama mfupa kwenye supu: ukiuona tu unajua ni wa mbuzi au wa kuku. Katika miaka ya 1930 mkemia Mjerumani Alfred Treibs alionyesha kuwa ndani ya mafuta mna porfirini zenye asili ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Tangu hapo ukoo wa molekuli hizi umepanuka: hopani ni za bakteria, sterani za mwani na mimea, na oleanani, iliyo nyingi katika mafuta ya Niger Delta, huashiria mimea itoayo maua.

Maabara huvukiza tone la mafuta na kulipitisha kwenye mrija mwembamba wa makumi ya mita. Molekuli nyepesi hutangulia, nzito hufuata, kila moja ikipimwa inapotoka, na mchoro wa vilele unajichora, kila kilele na molekuli yake. Kinachosomwa hasa ni uwiano wa vilele: hizo ndizo alama za kidole za mafuta. Mafuta yakimwagika baharini sehemu nyepesi hupaa, bakteria nao hula zilizo laini, lakini hopani ni kaidi. Uwiano wake hukaa muda mrefu.

Ukaidi huo ulizaa kisa ninachokipenda. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, wanasayansi walipima vibonge vya lami vilivyokutwa ufukweni. Baadhi havikuwa vya meli hiyo kabisa. Alama zake zilikuwa za mafuta ya California, na inaaminika yalivuja kwenye matangi yaliyobomolewa na tetemeko la mwaka 1964. Meli ilikuwa na makosa yake, hayo hayakuwamo.

Mafuta yetu ya Lokichar, Turkana, yana nta nyingi hata hugandamana yakipoa. Asili yake ni mwani wa ziwa la kale.

Tukirudi kwa fundi: petroli haina hopani, kwa kuwa molekuli hizo nzito hubaki nyuma kiwandani wakati wa kusafisha. Ziko kwenye oili ya injini. Ndiyo maana wanaopima hewa ya miji huzitumia kukisia moshi wa magari umechangia kiasi gani. Kile kitambaa cheusi anachofutia mikono kimejaa mabaki ya bakteria wa kale kuliko milima ya Ngong.