Matiko: kwa nini chuma kilekile huwa kigumu au laini

Matiko ni ugumu anaoutia mhunzi kwenye chuma kwa kukipasha moto sana kisha kukipoza ghafla. Chuma hakiongezewi kitu chochote. Kinachobadilika ni mpangilio wa ndani, yaani punje na fuwele zinazoonekana kwa hadubini tu.

Chukua jani la springi ya matatu lililokatika, ambalo mafundi wa jua kali Mombasa hulifanya tindo au panga. Lina kaboni kama asilimia 0.6. Likiwa baridi, fuwele za chuma hazina nafasi ya kaboni hiyo, nayo hukaa kando katika matabaka membamba. Likifika nyuzi 830 hivi za Selsiasi, fuwele hujipanga upya na kaboni huyeyuka ndani yake, mfano wa sukari kwenye chai ya moto. Lipoze polepole, kaboni itapata muda wa kujitenga tena na chuma kitakubali msumeno. Lipoze kwa sekunde chache, kaboni itanaswa humo, fuwele zitapindika na tupa itateleza juu yake. Umbo hilo gumu huitwa martensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens.

Ukikosa kipimajoto, sumaku ya spika mbovu inatosha. Chuma huacha kushika sumaku kwenye nyuzi 770 hivi. Hapo ongeza moto kidogo, ngoja joto lipenye hadi ndani, halafu chovya. Fanya kazi hii kivulini. Kwenye jua la Pwani wekundu wa chuma hausomeki, na fundi hupitiliza. Chuma kikipitiliza joto, punje hukua nacho hukatika upesi. Mkatiko wake huonyesha chembe kubwa zinazometameta, badala ya kijivu laini.

Springi huchovywa kwenye mafuta ya vuguvugu, nyuzi 50 au 60. Maji huipoza haraka mno: nje inakaza huku ndani bado kuna moto, na ufa unapasuka. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, maana chumvi huvunja tabaka la mvuke linalokinga chuma kisipoe kwa kasi.

Tindo likitoka mafutani bado si la kutumia, maana pigo moja laweza kulivunja. Hapa ndipo wengi huharibu kazi kwa haraka. Lisugue kwa msasa ling'ae, pasha upande wa kichwa, uache joto litambae kuelekea makali. Rangi zitapita: manjano hafifu nyuzi 220, hudhurungi 255, zambarau 280, buluu 300. Patasi ya mbao isimamishe kwenye manjano iliyokoza. Tindo la kukatia chuma kwenye zambarau. Rangi ikifika makalini, chovya papo hapo. Kichwa nacho kibaki laini, kwani kichwa kigumu kikigongwa hurusha vipande machoni.

Matiko huweza pia kuja bila kuitwa. Ukichomelea springi iliyokatika, chuma kilicho kando ya mshono hupata joto lilelile, kisha hupozwa haraka na chuma baridi kinachokizunguka. Mshono hubaki mzima, springi ikakatika pembeni yake. Jani jipya ni afadhali.

Nondo, kwa kuwa ina kaboni kidogo, haifai kufanyiwa tindo. Lakini nondo nyingi za kisasa zenye mbavu zimepozwa kwa maji kiwandani, ngozi ikawa ngumu na kiini laini. Ukiipasha moto ili uikunje, nguvu ya ngozi hiyo inapotea. Ikunje baridi.

Shaba nyekundu ni kinyume. Bomba la friji likikunjwa mara kwa mara hukakamaa na kupasuka; lipashe mpaka liwe jekundu kidogo, nalo litalainika, hata ukilitumbukiza majini papo hapo, kwa sababu hakuna kaboni ya kunaswa.