Kusafisha Mto Usio na Maji: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Dodoma

Swali: Mto wetu hukauka kuanzia Juni. Kuna faida gani kiafya kuusafisha wakati hauna maji?

Jibu: Huo ndio wakati wake hasa. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na mito kama Kinyasungwe na Bubu, pamoja na makorongo yanayoingia humo, hubaki mchanga mtupu kwa miezi mingi. Chini ya mchanga huo maji yapo: katika vijiji vingi akina mama hufukua shimo, humwaga maji ya kwanza yenye tope, kisha husubiri yanayochuruzika taratibu hadi yatulie ndipo wajaze ndoo. Nepi iliyotupwa hatua chache kutoka hapo, au kinyesi kilichoachwa kichakani ukingoni, haviko mbali na mtungi wa nyumbani. Mvua ya kwanza inaponyesha, uchafu wote wa kiangazi husombwa kwa pamoja hadi kwenye visima vifupi, malambo na, kwa upande wa Bubu, mashamba ya mpunga ya Bahi. Kwa hiyo mtaa unaoweza kufanya usafi mara moja tu kwa mwaka uufanye Oktoba au mwanzoni mwa Novemba.

Swali: Ni magonjwa gani yanayozuiliwa?

Jibu: Kwanza ni kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, ambavyo huenezwa na kinyesi kinachoingia katika maji na chakula. Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zilifutwa na siku hiyo ikafanywa ya usafi nchi nzima, wakati kipindupindu kikiendelea kuua watu. Kuondoa makopo na matairi hupunguza mazalia ya mbu wa homa ya dengue. Kichocho, hata hivyo, hakikomeshwi kwa kuokota taka. Kinahitaji watu waache kukojoa na kujisaidia kwenye maji, na wagonjwa watibiwe.

Swali: Washiriki wajikinge vipi?

Jibu: Wavae glavu nene na buti, na wasiingie peku kwenye dimbwi lililotuama, kwa sababu vimelea vya kichocho hupenya ngozi. Watoto wasiokote vioo. Sindano na taka nyingine za matibabu zisiguswe, bali aitwe afisa afya. Atakayechomwa au kukatwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo ya pepopunda. Plastiki zisichomwe, kwani moshi wake ni sumu. Gari la taka lipangwe na mtendaji wa mtaa kabla ya siku ya kazi. Nimeona marundo yaliyokusanywa kwa jasho jingi yakiachwa ukingoni hadi mvua ikayarudisha mtoni, na inasikitisha.

Swali: Baada ya usafi, maji ya shimo la mchangani yanaweza kunywewa hivyo hivyo?

Jibu: Hapana. Mchanga huchuja tope, lakini hauhakikishi kwamba vijidudu vimebaki nje, hivyo yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Shimo lizungushiwe miiba, na mifugo inyweshwe upande wa chini yake.