Uanachama Hai: Maana Yake katika Kikundi cha Wataalamu wa Fani Moja

Uanachama hai ni hali ya mtu kuwa ndani ya kikundi kwa vitendo na si kwa jina pekee: amelipa ada ya mwaka unaohusika, anahudhuria mikutano, na ipo kazi ya kikundi ambayo ameishika yeye. Katiba nyingi za vyama vyetu huishia kwenye sharti la kwanza, yaani ada, kwa sababu ndilo rahisi kulithibitisha kwa stakabadhi. Kwa kikundi cha wataalamu, kama kile cha wahandisi na mafundi wanaoshughulikia pampu za visima zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, sharti hilo peke yake halitoshi.

Kikundi cha namna hii ni tofauti na usajili wa kisheria. Mhandisi anayefanya kazi Arusha au Moshi anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa mujibu wa Sheria Namba 15 ya mwaka 1997, apende asipende. Kikundi cha fani hakina nguvu hiyo. Mtu hujiunga nacho kwa sababu ana swali ambalo ofisini kwake au karakanani kwake hakuna wa kumjibu, na huondoka kimyakimya, bila barua ya kujiuzulu, pale anapoona kwamba amehudhuria mara tatu na swali lake bado analo.

Vikundi hivi vilizaliwa kutokana na haja hiyohiyo. Nchini Marekani, taasisi ya wahandisi wa redio iliyoanzishwa mwaka 1912 ilikuwa imepanuka kiasi kwamba mwanachama mmoja hakuelewa tena kazi ya mwenzake, na mwaka 1948 ikaanza kuruhusu vikundi vya fani ndani yake, cha kwanza kikiwa cha wataalamu wa sauti. Mwaka 1963 taasisi hiyo iliungana na ile ya wahandisi wa umeme ya mwaka 1884, ikazaliwa IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki. Kuanzisha tawi la fani ndani ya IEEE kunahitaji saini za wanachama 12 tu, lakini tawi likishaanzishwa linatakiwa kufanya mikutano isiyopungua miwili kila mwaka. Idadi ya kuanzia ni ndogo. Kinachodaiwa mwaka hadi mwaka ni kukutana.

Wazee wa Kilimanjaro wangeielewa kanuni hiyo bila kuelezwa. Katika mifongo, ile mifereji ya asili inayoteremsha maji kutoka mlimani hadi mashambani, haki ya zamu ya maji iliendana na kujitokeza na jembe siku ya kusafisha mfereji, na asiyetokea alitozwa faini au aliikosa zamu yake. Ushirika wa kahawa uliokuja baadaye, kuanzia chama cha wakulima cha mwaka 1925 hadi KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ya mwaka 1933, ulikuwa na kipimo kingine kilicho wazi: mkulima aliiona faida ya uanachama wake siku ya kupima kahawa. Kikundi cha wataalamu hakina mfereji wala mzani. Faida yake ni ujuzi, na ujuzi usipoonekana mezani mtu hana sababu ya kulipa ada ya mwaka wa pili.

Mwaka huo wa pili ndio unaoamua kama kikundi kinakua. Tuchukue mfano wa kikundi chenye wanachama 60 kinachopokea wapya 20 kila mwaka. Ikiwa katika kila wanachama kumi ni sita tu wanaolipa tena, mwaka unaofuata watabaki 36, na pamoja na wale wapya watakuwa 56. Kikundi kimepokea watu 20, katibu amesoma taarifa yenye kupigiwa makofi, na bado kimepungua. Hali hiyo ikiendelea, idadi itashuka taratibu na kutulia kwenye 50. Lakini wakilipa tena wanane katika kila kumi, huku wapya wakiwa walewale 20, idadi itapanda mwaka hadi mwaka kuelekea 100. Ni mara mbili ya ile 50, na hakuna tangazo hata moja lililoongezwa.

Nimekuwa katibu wa kikundi kidogo cha aina hii hapa Moshi, na kwa muda mrefu tulikutana siku za kazi, katika ukumbi, tukitazama mihadhara ya projekta. Fundi wa mtaani anayekuja siku ya kazi hupoteza ujira wa siku nzima. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Tulipohamia Jumamosi alasiri na kukutana karakanani, mwenzetu mmoja alileta pampu iliyotolewa kisimani huko Kahe baada ya miezi minane tu ya kazi. Tuliifungua juu ya meza. Impela, yaani magurudumu yanayozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji, zilikuwa zimelika pembeni hadi kuwa nyembamba kama ganda, na ndani mwake umebaki mchanga laini wa kijivu. Wahandisi walianza kujadili volti za paneli. Fundi mmoja asiye na cheti chochote, aliyekuwa amesimama nyuma, akauliza pampu ilishushwa hadi wapi, na alipojibiwa akasema ilikuwa imekaa karibu mno na chini ya kisima, hivyo ilikuwa inafyonza mchanga tangu siku ya kwanza. Alikuwa sahihi. Tulimwomba mkutano uliofuata auongoze yeye, naye akalipa ada mwezi huohuo bila kukumbushwa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo uanachama hai huanzia: pale mtu anapopewa jambo la kufanya linalolingana na anachokijua. Kuongeza majina kwenye kundi la WhatsApp hakuna ubaya, ila hayo ni majina ya watu waliokubali kupokea taarifa, na katibu makini hayahesabu pamoja na wanachama.

Kwa hiyo daftari letu sasa lina safu za mwaka wa kujiunga, ada iliyolipwa tena, mikutano iliyohudhuriwa, na kazi aliyoifanya mhusika. Wanafunzi, kwa mfano wanaotoka Chuo cha Ufundi Arusha, tunawaandika kwenye ukurasa wao, kwa kuwa wengi wakihitimu huenda kutafuta kazi mikoa mingine, na kuwachanganya na wengine kungeonyesha kwamba tunakimbiwa wakati sivyo. Anayeondoka hafutwi. Huandikwa mahali alipohamia na namba ya simu anayoitumia, kisha huulizwa kila mwaka amekutana na visima vya namna gani.