RC ya moto (pikipiki) ni asiransi ya nani? Na permi inaingilia wapi?

Uliza manseba yeyote, dereva wa moto ya taxi, hapa Lubumbashi kama iko na asiransi, atakuonyesha karatasi ama atakuambia patron njo anayo. Sasa umuulize ile karatasi italipa nini siku ameanguka. Wengi watajibu: hospitali yangu na moto yangu. Hapana kabisa. Ile ya lazima, wanayoita RC, responsabilite sivile, ni ya yule uliyemgonga. Wewe njo unalipia, yeye njo inamchunga.

Tuseme unatoka Katuba na kliya nyuma, mvua imetoka kunyesha, unafunga frein kwa nguvu, moto inateleza mpaka kwa mama anayeuzisha nyanya pembeni ya barabara. Mama amevunjika mguu, meza yake na nyanya zote ni bure, wewe mkono umechubuka na taa ya mbele imepasuka. RC inaangalia mguu wa mama, hospitali na dawa yake, zile siku hataweza kuuzisha, na ile meza. Mkono wako haiujui, taa yako nayo haiijui. Ukitaka kitu ya kulinda mwili wako kuna asiransi ingine ya dereva mwenyewe, ya wizi ni ingine tena, ya moto kuungua pia, na kila moja inaongeza bei, njo maana watu wengi wanaishia paka kwa RC halafu wanashangaa.

Hii lazima si ya jana. Sheria ya tarehe 5 januari 1973 njo iliweka asiransi hii kwa vyombo vyote vya moteri, na kwa miaka mingi SONAS, kampuni ya serikali, peke yake njo ilikuwa inauzisha. Kisha sheria ya tarehe 17 marsi 2015 ikafungua soko, na toka 2019 kampuni za binafsi zikapewa ruhusa na ARCA, ile inayosimamia asiransi nchini. Ni vizuri, kuchagua kuko, lakini pia imeleta vurugu kidogo ju karatasi zimekuwa za rangi mingi na mtu anaweza kukuuzishia yoyote kwa parking. Mbele ya kutoa makuta uliza jina la kampuni na kama ARCA inaijua.

Permi sasa. Asiransi inafuata moto, permi inafuata mtu. Kwa karatasi ya asiransi utakuta namba ya plaki ama ya chasi, hautakuta kama wewe unajua kuendesha, hiyo ni kazi ya permi, na ya moto ni kategori A. Yule mwenye B ya gari anayerukia Boxer ya ndugu yake eti «permi niko nayo», hana permi ya ile kitu anayoendesha. Na hapa njo mambo mawili yanakutana: kontra mingi za asiransi ziko na kifungu kinachosema dereva awe na permi inayofaa. Umempa mdogo wako moto jioni atafute ya mafuta, hana permi, amegonga mtu, kampuni inaweza kukataa, ama inamlipa mgonjwa halafu inakugeukia wewe kudai ile pesa yote. Asiransi ilikuwa nzima, tarehe ilikuwa bado, na bado utalipa.

Kuna ingine ambayo mimi naona njo mbaya kupita zote, na watu hawaiongeleake. Wakati wa kununua wanakuuliza moto ni ya nini, ya kwako ya kutembelea ama ya taxi. Ya taxi bei iko juu, basi mtu anasema ya kwangu, analipa kidogo, anatoka anaenda kubeba kliya kutwa nzima. Siku ya ajali kliya ameumia, kampuni inafungua dosie inasoma «matumizi binafsi» na inauliza huyu wa nyuma alilipa ngapi. Umejifunga mwenyewe. Kama unafanya taxi, iandikwe taxi.

Na wale wanaoendesha ya patron kwa versement, ile pesa unayomletea patron: usikubali paka maneno «asiransi iko». Omba uione, angalia namba ya chasi na ile iliyochongwa kwa moto ziko sawa, angalia siku inakwisha, angalia matumizi. Ni dakika mbili tu. Patron akikasirika ju umeuliza, hapo umekwisha kupata jibu.

Ukigonga mtu usikimbie, ita polisi ya rulaji, ile ya barabara, waandike prosè-verbali, ripoti ya ajali, piga picha, chukua majina ya walioona. Hapa kwetu tunapenda kupatana palepale, unatoa franka kidogo, familia inakubali, kila mtu anaenda. Lakini kama umeahidi kulipa bila kuambia kampuni, kampuni inaweza kusema hayo ni maneno yako wewe na wao. Ijulishe ndani ya zile siku zilizoandikwa kwa kontra, hesabu inaanza siku ya ajali, haingojee mgonjwa atoke hospitali.

Na kwa wanaovuka Kasumbalesa: RC ya hapa inaishia kwa mpaka. Ngambo ya Zambia wanataka karti ya njano ya COMESA, ile RC inayokubaliwa kwa nchi zingine za ule umoja wa biashara, unaiomba kwa kampuni ileile ya asiransi yako kama nyongeza, kwa hiyo bila RC ya hapa hauwezi kuipata. Na ukumbuke kule wanatembea kushoto.